Picha za Nyanda za Juu Kusini na kamera zilizozipiga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaopiga picha kwa mapenzi tu, kuanzia Iringa na Mufindi hadi Njombe, Mbeya, Rungwe na Kyela. Bei hazimo, maana hubadilika kila mzigo mpya unaposhuka. Namba za mpangilio ni za kuanzia. Piga, tazama kwenye skrini, rekebisha.

Picha za mashamba ya chai kwenye ukungu, zinazoonekana kila mara huku kwetu, hupigwa kwa kamera gani?

Nyingi ni za Nikon D3200, kamera ya mwaka 2012 yenye megapikseli 24, pamoja na lenzi ya milimita 55-200. Aliyefanya kazi hasa ni lenzi. Ukitumia 18-55, shamba la Katumba au Mufindi linatoka kijani tupu na ukungu unabaki mstari mwembamba huko mbali. Ukivuta hadi 135 au 200, mistari ya chai inasogeleana, mti uliosimama shambani unajitenga na ukungu, na kila kilima kinafifia kuliko kilicho mbele yake.

Weka gurudumu kwenye A (Canon ni Av), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ISO 200 (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), kisha bonyeza kitufe cha +/- na uongeze mwanga +0.7. Hiyo +0.7 ndiyo husahaulika. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ikiona weupe wa ukungu hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na picha inatoka na rangi ya majivu. Ukungu ukiwa mzito, nenda hadi +1.

Fokasi pia huhangaika, lenzi ikienda mbele na kurudi bila kushika kitu. Elekeza nukta ya fokasi kwenye shina la mti au ukingo wa kichaka cha chai, bonyeza kitufe nusu, kisha panga picha bila kukiachia. Na mashamba hayo yana wenyewe: msalimie msimamizi na uombe ruhusa kabla hujaingia kati ya mistari.

Basi ninunue kamera gani?

Kwa anayeanza, nunua bodi (kamera bila lenzi) iliyotumika ya kati ya 2011 na 2018, na hela inayobaki iende kwenye lenzi na stendi. Canon 600D, 700D na 1300D zina megapikseli 18. Nikon D3200, D3300 na D5300 zina 24. Zote zinatosha kwa kila picha inayotajwa hapa isipokuwa za nyota, ambako zinatosha kwa shida kidogo.

Majina yasikuchanganye. Canon 600D iliyouzwa Japani inaitwa Kiss X5, na ya Marekani ni Rebel T3i. 700D ni Kiss X7i au Rebel T5i. 1300D ni Kiss X80 au Rebel T6. Ni kamera ileile. Ila kwa mzigo wa Japani fungua menyu ya lugha kabla hujalipa, kwa sababu baadhi ya kamera, hasa za Sony, zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani zina Kijapani peke yake.

Mitego ya kuepuka ni hii. Bodi za Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zao wote hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi za zamani za AF-D zitakubali kufungwa lakini utazungusha fokasi kwa mkono. D90 na D7000 wana mota hiyo. Lenzi mpya za Nikon zenye herufi AF-P nazo hazifokasi kwenye D90 wala D3100. Upande wa Canon, lenzi za EF-S hazifungi kwenye bodi zenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) kubwa kama 6D na 5D. Na Canon 4000D, hata kama bei yake inavutia, ina mdomo wa lenzi wa plastiki. 1300D iliyotunzwa vizuri ni bora.

Kamera zisizo na kioo ndani, kama Sony a6000 ya 2014, ni nyepesi na zina fokasi ya haraka. Tatizo ni betri. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, a6000 hupiga kama picha 360 kwa chaji moja, wakati Nikon D3500 hupiga 1,550. Ukienda Hifadhi ya Kitulo siku mbili bila umeme, tofauti hiyo utaiona mapema.

Nimeona kamera ya mtumba mjini. Nikague nini kabla ya kulipa?

Nenda na memori kadi yako, tochi ndogo na kitambaa safi. Kaa nayo angalau nusu saa. Muuzaji anayekuharakisha, muage.

1. Omba chaja na betri yake halisi. Kamera isiyo na chaja, na muuzaji asiyejua ilitoka wapi, achana nayo.
2. Vua lenzi, fungua tundu lake, mulika tochi kutoka nyuma kwa pembe ukichungulia mbele. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni fangasi.
3. Piga picha kwa f/3.5, halafu kwa f/11. Lenzi nyingi za 18-55 hukatika utepe wa ndani unaoendesha tundu: kwa f/3.5 zinapiga vizuri, kwa f/11 kamera inaleta hitilafu. Muuzaji akikuonyesha picha za ndani tu, jaribu mwenyewe nje.
4. Canon ikiandika Err 01, maana yake bodi na lenzi hazielewani. Futa vile vituo vya umeme vya dhahabu mahali lenzi inapofungwa kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ikirudia, usichukue lenzi hiyo.
5. Piga ukuta mweupe wenye jua kwa kasi ya 1/4000 ya sekunde. Ukiona mkanda mweusi upande mmoja wa picha, shata, yaani pazia linalofunguka mbele ya sensa, imechoka.
6. Piga anga kwa f/16 utafute madoa. Madoa husafishika, mistari au nukta za rangi zisizohama ni uharibifu wa sensa.
7. Chungulia tundu la kadi, bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu.

Idadi ya mapigo ya shata kwenye Nikon huandikwa ndani ya faili la picha, na programu za kusoma taarifa za picha zinaionyesha. Canon nyingi za bei ya chini haziandiki, kwa hiyo anayekutajia namba kwa mdomo hakupi kitu cha kushika. Shata za D3200 na D3500 zilipimwa kwa mapigo 100,000. Kuvuka hapo si kufa, ila bei ishuke.

Lenzi ya pili iwe ipi?

Kama unapenda watu: Canon EF 50mm f/1.8 STM, au Nikon 35mm f/1.8G DX. Kwa f/1.8 unapata karibu mara nne ya mwanga wa f/3.5, na ndani ya nyumba yenye dirisha moja hilo ndilo linaloamua. Kama unapenda mandhari ya milima na mashamba, chukua 55-200 au 55-250 kwanza. Wengi hukimbilia lenzi pana zaidi kwa ajili ya milima, halafu mlima wenyewe unatoka kama kichuguu.

Filta ya polaraiza ndiyo nyongeza yenye faida kuliko zote huku kwetu. Huondoa mng'ao kwenye majani ya chai na migomba baada ya mvua na kuikoleza anga, hasa ukiwa umelipa jua bega. Hula mwanga stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu). Nunua kwa kipimo cha lenzi: Canon 18-55 ni milimita 58, Nikon 18-55 ya zamani ni 52, ya AF-P ni 55. Kwenye 18-55 za zamani mdomo wa mbele huzunguka wakati wa fokasi, hivyo fokasi kwanza, ndipo uzungushe filta.

Nitoke saa ngapi kupata mwanga mzuri?

Usitumie saa za Dar es Salaam. Mbeya iko magharibi zaidi, na jua huchelewa kufika kwa dakika 20 na ushee. Mwezi Juni huchomoza Mbeya karibu saa moja kamili asubuhi. Katikati ya Novemba ni kama saa kumi na mbili na robo. Iringa hutangulia Mbeya kwa dakika kama tisa. Adhuhuri halisi ya Mbeya, jua likiwa juu kabisa, ni karibu saa saba kasoro robo mchana.

Hizo ni saa za upeo ulio wazi. Ukiwa chini ya mlima, ongeza muda wa jua kuuvuka. Kwa mandhari, saa moja ya kwanza na ya mwisho ya jua zinatosha. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa unusu, piga vivuli, masoko yaliyoezekwa, au nenda ukale.

Majira nayo yana tabia zake. Mvua za Novemba hadi Aprili husafisha hewa, na jioni baada ya mvua Mlima Loleza wa Mbeya huonekana kila korongo. Agosti hadi Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi hufunika mbali. Msimu huo lenga vitu vya karibu, au tumia moshi wenyewe dhidi ya jua linalozama.

Mbona nyuso za watu zinatoka nyeusi tii?

Kwa sababu nyuma yao kuna anga au ukuta mweupe, na kamera imepima huo. Ni ugonjwa wa ule ukungu wa chai, umegeuka upande tu. Kumuongezea mwanga mtu aliyesimama juani saa saba mchana hakusaidii sana, kwani utapata paji la uso linalong'aa na macho yaliyozama.

Msogeze kwanza. Mkalishe barazani, kivulini, uso ukitazama uwazi, hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli. Nyuma yake pawe na kitu cheusi kuliko anga: mlango, ukuta wa matofali ya kuchoma, migomba. Shuka jeupe likishikwa kama mita moja kutoka usoni, chini ya kifua, hurudisha mwanga machoni. Epuka shuka la rangi, maana rangi yake itahamia kidevuni.

Kisha pima. Ukiacha kamera ipime picha nzima na nyuma kuna mwangaza, ongeza +1 hadi +1.3. Ukitumia kipimo cha nukta, ambapo kamera hupima sehemu ndogo tu, ukakiweka shavuni kwa mtu mweusi sana, fanya kinyume: punguza -0.7 hadi -1, la sivyo kamera itaigeuza ngozi yake iwe ya kijivu iliyopauka. Harusi ina kazi ngumu zaidi, gauni jeupe na suti nyeusi kwenye picha moja. Hapo linda gauni: washa alama za mwanga uliozidi, punguza hadi gauni liache kuwaka kwenye skrini, piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera, badala ya JPEG), na nyuso utaziinua baadaye kwenye kompyuta.

Maua ya Kitulo yanapigwa lini na vipi?

Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua, uwanda unapochanua. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa 2005, ina eneo la kilomita za mraba 413, na zaidi ya aina 40 za okidi zimeorodheshwa huko. Kutoka barabara kuu ya Mbeya, wengi hupanda kwa Chimala na Matamba, ile barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba. Wakati wa mvua ulizia hali yake kabla hujaondoka.

Adui mkubwa wa picha pale ni upepo. Ua likiyumba, 1/60 haikusaidii hata ukiwa na stendi. Anza na f/8, ISO 400, 1/320. Ukikosa mwanga panda hadi ISO 800, usishushe kasi. Piga picha tano sita mfululizo, mojawapo itaangukia upepo ulipotulia. Lala chini, usawa wa ua, huku ukiangalia tumbo lako linalalia nini; okidi ndogo hazionekani ukiwa umesimama.

Bila lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, tumia pete za kurefusha kati ya bodi na lenzi. Pete ya milimita 20 kwenye lenzi ya 50 hukupa ua kwenye sensa kwa ukubwa wa zaidi ya theluthi ya ukubwa wake halisi. Chagua zenye vituo vya umeme. Zile rahisi zisizo navyo huiacha lenzi ya Canon imefunguka yote, na lenzi za Nikon zenye herufi G huzifunga kabisa hadi kidirisha kinakuwa giza.

Juni hadi Agosti kuna baridi kali na usiku barafu hutanda kwenye nyasi. Maua ni machache, lakini barafu hiyo jua linapoipiga ni picha inayostahili safari.

Nguzo za Isimila zinanitoka gorofa, hazina uhai. Kwa nini?

Umepiga adhuhuri. Nguzo zile za asili za mchanga mgumu, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, zinaishi kwa vivuli vya mifereji yake. Lakini alfajiri nayo haikusaidii kwa sababu korongo bado liko gizani. Saa tatu hadi nne asubuhi, au kuanzia saa tisa unusu alasiri, jua huingia kwa ubavu. Tumia 18 hadi 24, f/11, ISO 100, na umsimamishe mtu chini ya nguzo ili ukubwa uonekane. Usiinue kamera sana, nguzo zitaegemeana. Rudi nyuma uishike wima. Pima anga, vivuli viinuliwe baadaye kutoka kwenye RAW.

Ziwa Ngozi halienei kwenye picha.

Halitaenea kwa 18-55. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, na unalitazama ukiwa ukingoni juu yake. Shika kamera wima, weka 18, modi ya M (unapanga mwanga mwenyewe), f/8, fokasi ya mkono, rangi ya mwanga (WB) kwenye alama ya jua, na upige tano au sita ukigeuka kiunoni, kila picha ikiingia theluthi moja ndani ya iliyotangulia. Ziunge kwa programu ya bure ya Hugin. Ukiacha kamera kwenye otomatiki, kila kipande kitakuwa na mwanga wake na viungo vitaonekana. Filta ya polaraiza ivue. Itaacha anga yenye mabaka.

Msitu wa njiani ni giza kuliko unavyodhani: ISO 1600 hadi 3200. Wanaomtafuta kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Livingstone aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 2005, wajiandae kwa ISO hizo hizo, lenzi ya 300, na subira.

Ruaha kwa lenzi ya 55-250 inawezekana?

Kwa tembo, twiga na nyati, ndiyo. Kwa ndege na chui aliye mtini utatamani 400. Nikon P900 ya 2015, inayovuta hadi sawa na milimita 2000, huwafikia ndege wa mbali mchana, ila sensa yake ndogo huchoka jua likishuka.

Zima injini ya gari kabla ya kupiga, mtetemo wake unaonekana. Laza lenzi kwenye mfuko wa maharage au mchele ulioshonwa, juu ya dirisha. Weka kasi 1/1000, f/6.3, ISO iwe otomatiki hadi 3200. Juni hadi Oktoba wanyama husogelea Mto Ruaha Mkuu, na vumbi ni jingi: usibadilishe lenzi garini. Chagua moja ukae nayo.

Kamera imejaa mvuke ghafla tuliposhuka Matema. Imeharibika?

Hapana. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600 na Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Kwa kawaida hewa hupata joto digrii sita hadi saba kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo umetoka kwenye baridi na kuingia hewa ya moto yenye unyevu, na kioo baridi kikakusanya maji. Usivue lenzi wala kufutafuta ndani. Zuio ni kuifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado kwenye baridi, na kutoufungua mpaka ipate joto la huko chini, dakika 30 hadi 60. Kadi itoe mapema kama una haraka ya kuona picha.

Matema yenyewe ina mwanga wa jioni. Milima ya Livingstone iko mashariki, hivyo asubuhi jua huchelewa kuivuka na ufukwe unabaki kivulini. Alasiri milima hiyohiyo hupigwa jua usoni, na mitumbwi inayorudi iko mbele yake.

Nyota zinahitaji kamera ya bei kubwa?

Zinahitaji giza, stendi, na usiku usio na mwezi. Juni hadi Agosti anga ya huku ni kavu na safi. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro robo usiku katikati ya Juni, na kama saa tatu usiku katikati ya Agosti.

Kwa 18-55: vuta hadi 18, f/3.5, ISO 3200, sekunde zisizozidi 17 kwa Canon au 18 kwa Nikon. Namba hiyo hutokana na kugawa 500 kwa urefu wa lenzi uliozidishwa na 1.6 (sensa ya Canon) au 1.5 (ya Nikon). Ukizidisha muda, nyota zinakuwa vijistari. Fokasi iweke mkono, kuza skrini mara kumi kwenye nyota angavu, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa. Tumia kipima muda cha sekunde mbili, na uzime kitulizi cha lenzi, IS au VR, kwa sababu kwenye stendi kinaweza kuleta mtikisiko chenyewe. Canon 6D na lenzi ya f/2.8 itakupa picha safi zaidi, hilo halina ubishi.

Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani wa koti. Baridi hupunguza nguvu yake kabla haijaisha kweli.

Fangasi wa lenzi nazuiaje? Naishi Tukuyu.

Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na lenzi huliwa na fangasi huko kuliko zinavyovunjika. Fangasi huhitaji unyevu, giza na uchafu wa vidole. Mkoba wa kamera uliofungwa kabatini unampa vyote vitatu.

Nunua ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, la lita 10 hivi. Weka ndani gramu 200 za punje za silika kwenye kitambaa chepesi, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Kikipanda juu ya 60, punje zimeshiba: zile za rangi ya chungwa huwa za kijani, za bluu huwa za pinki. Zikaushe kwenye sufuria pana, moto mdogo kabisa, ukizigeuza hadi rangi irudi. Zikiungua zinakuwa nyeusi na hazifai tena. Ziache zipoe kwenye chombo kilichofungwa ndipo uzirudishe. Usishuke chini ya asilimia 30 kwa miezi, mpira na grisi havipendi. Mchele usitumie, unga wake unaingia kwenye pete za lenzi.

Lenzi itumike. Inayotoka juani mara kwa mara haipati fangasi kirahisi. Iliyokwisha kupata itenge na nyingine, na kama nyuzi zimeshakula rangi ya kioo, fundi ataondoa nyuzi lakini alama zitabaki. Kwenye 18-55 gharama ya fundi haina maana, tafuta nyingine.

Madoa meusi yanarudi mahali palepale kwenye kila picha.

Vumbi juu ya sensa. Kwa f/5.6 halionekani, kwa f/16 linajitokeza. Nikon D3400 na D3500 hazina mtikisiko wa kujisafisha, hivyo huathirika zaidi. Chaji betri ijae, chagua kusafisha sensa kwenye menyu, shika kamera mdomo chini, na pulizia kwa pampu ya mpira bila kuingiza ncha ndani. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda, na hapo utahitaji vijiti maalumu vya kusafishia vya ukubwa wa sensa yako na dawa yake. Makopo ya hewa yenye gesi ni hatari kwa sensa.

Memori kadi nzuri naijuaje?

Kadi feki ndizo hupoteza picha nyingi kuliko virusi. Imeandikwa GB 256, ndani ni 16, na picha za mwisho zinakuwa faili tupu. Kadi mpya ijaribu siku unayoinunua kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Hujaza kadi yote kisha kusoma tena. Chagua GB 32 mbili badala ya 128 moja. Kwa RAW za megapikseli 24, GB 32 huchukua kama picha elfu moja. Kamera nyingi za kabla ya 2009 haziisomi kadi ya GB 64. Fomati kadi ndani ya kamera, siyo kwenye simu.

RAW au JPEG?

JPEG kwa sherehe ya mchana na picha za kutuma leo. RAW kwa korongo, nyota, harusi na chochote chenye mwanga mkali na giza pamoja. Programu za bure za darktable na RawTherapee zinatosha.

Nikichapa, picha itakuwa kubwa kiasi gani?

Gawa pikseli kwa 300. Picha ya megapikseli 6, yaani 3072 kwa 2048, inatoa inchi 10 kwa karibu 7 safi kabisa. Ya ukutani, inchi 20 kwa 30, inaridhisha hata kwa pikseli 150 kwa inchi, maana mtu huitazama kutoka mbali. Hapo megapikseli 13 na nusu zinatosha. Kumbuka picha ya kamera ina uwiano wa 3 kwa 2, sawa na posta kadi. Ukiagiza 8 kwa 10, studio itakata pembeni, na mara nyingi watakata mtu. Kata mwenyewe kwanza. Hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida, la sivyo kijani cha chai kitachapwa kimepauka.

Nikituma WhatsApp picha inaharibika.

Itume kama dokumenti.

Nahitaji kibali kupiga picha?

Barabarani na kijijini, ruhusa ya mtu mwenyewe kwanza, na ya mzazi kama ni mtoto. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, picha ya mtu si kitu cha kurusha hovyo. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na mitambo ya serikali, weka kamera chini. Stesheni ya TAZARA nayo, muone msimamizi kabla. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi bila kibali cha TANAPA. Picha zako zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, hata usipoandika jina juu yake.

Kamera imelowa mvua. Nifanyeje?

Zima, toa betri mara moja, toa kadi. Usiiwashe kuona kama inafanya kazi, hapo ndipo mzunguko wa umeme huungua. Futa nje kwa kitambaa kikavu ukiwa na lenzi bado imefungwa, kisha ifungue mdomo chini. Acha milango yote wazi, weka kwenye boksi la silika siku mbili au tatu. Usiianike juani wala karibu na jiko, grisi ya tundu la lenzi huyeyuka na kusambaa kwenye majani yake. Kama ilitumbukia ziwani au kwenye tope, usisubiri ikauke. Mpelekee fundi siku hiyohiyo, betri ikiwa mkononi.